Motere imefungwa upya lakini haiwaki: mara nyingi kosa liko kwenye delko

Katika magaraji mengi ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, kisa hiki kinajulikana. Mwenye gari amekusanya feza kwa miezi, amenunua motere ya okazio iliyopitia Dubai ao Kampala, na mafundi wameifunga kwa siku mbili. Batri imejaa, mafuta ni mapya, maji yako katika radiatere. Shofere anawasha kontake. Demareri inazunguka, motere inakohoa mara moja, ulimi wa moto unatoka juu kupitia karbirateri, kisha kimya.

Hapo ndipo feza zinaanza kutoka mara ya pili. Wananunua bobini nyingine. Wanabadilisha bujii zote nne. Wanafungua pompe ya esansi, wanapuliza, wanarudisha. Siku ya tatu mutu mumoja anasema kwamba motere yenyewe iliuzwa ikiwa mbovu, na ugomvi na muuzaji unaanza. Kumbe mara nyingi motere haina ubaya wowote. Bobini inatoa moto, bujii zinatoa moto, esansi inafika. Moto huo unafika tu saa isiyo yake, kwa sababu delko imefungwa bila kujua silindri ya kwanza iko wapi katika zamu yake.

Tunaongea hapa juu ya magari ya esansi yenye delko. Yale ya mazuti, kama Land Cruiser ya 1HZ ambayo mashirika mengi yanatumia katika barabara zetu, hayana bujii za kutoa moto wala delko. Kwao kazi kama hiyo ya kupanga saa iko kwenye pompe ya enjeksio. Na magari madogo ya karibuni, kama Probox na Vitz za VVT-i, yana bobini moja juu ya kila bujii, na kompyuta ndiyo inapanga zamu. Lakini Corolla na Carina za miaka ya 1990, RAV4 za kwanza, Hiace za zamani za esansi, pikapu za Hilux zilizokataa kufa, Peugeot 504 ambayo muzee fulani bado anaitunza nyuma ya nyumba, zote hizo zinaishi kwa delko.

Jina lenyewe lilitoka mbali. Delco ni herufi za kwanza za kampuni ya Marekani, Dayton Engineering Laboratories Company, iliyoanzishwa mwaka 1909 na Charles Kettering na Edward Deeds katika muji wa Dayton, jimbo la Ohio. Mutambo wao wa kuwasha motere kwa batri na bobini uliwekwa katika Cadillac za mwaka 1910, na miaka miwili nyuma yake demareri ya umeme ikafuata. Wafaransa na Wabelgiji walichukua jina la kampuni wakaligeuza kuwa jina la kifaa, na sisi tukalipokea kupitia kwao. Ndiyo sababu fundi wa Kadutu ao wa Birere, hata kama hajawahi kuona Cadillac, anasema delko.

Kazi ya kifaa hicho ni rahisi kueleza. Katikati yake kuna fimbo ya chuma inayozungushwa na motere. Juu ya fimbo kuna kidole, na juu ya kidole kuna kofia ya plastiki yenye kituo kimoja kwa kila bujii na kituo cha katikati cha bobini. Kidole kikipita mbele ya kituo, umeme mukali wa bobini unaruka, unafuata uzi, unafika kwenye bujii ya silindri ambayo zamu yake imefika. Basi delko ni mugawaji. Inagawa moto kwa kila silindri kwa zamu yake, na kila mara inapaswa kugawa kwa saa kamili.

Kosa kubwa linazaliwa hapa. Motere ya aina hii inafanya kazi kwa hatua 4: inavuta hewa na esansi, inakandamiza, inalipuka, inatoa moshi. Ili kumaliza hatua hizo zote, vilbreke inazunguka mara mbili, lakini arbakami na delko zinazunguka mara moja tu. Kwa hiyo pistoni ya kwanza inafika juu kabisa mara mbili katika kila muzunguko wa delko: mara moja mwisho wa kukandamiza, wakati moto unahitajika, na mara nyingine mwisho wa kutoa moshi, wakati moto hauna kazi. Alama iliyochorwa kwenye puli ya mbele haiwezi kutofautisha mara hizo mbili. Inalingana na sifuri kila vilbreke inapozunguka mara moja. Fundi anayepanga alama ya puli, anaona iko sawa, kisha anatumbukiza delko, amecheza kamari. Nusu ya wakati atapata. Nusu nyingine delko itakuwa imegeuka nyuma-mbele, digrii 180, na bujii ya kwanza itatoa moto wakati supapu ya kuingiza inaanza kufunguka.

Ndiyo sababu moto unarudi juu kupitia karbirateri. Na hilo si jambo la kucheka. Katika garaji ya wazi, filta ya hewa imetolewa, kijana wa kujifunza amesimama juu ya motere na chupa ya esansi mukononi, anamimina kidogo kidogo ili motere ishike, na mwenzake ndani ya gari anaendelea kuzungusha demareri. Motere ikirudisha moto wakati huo, unapanda moja kwa moja mpaka kwenye chupa. Mulio wake peke yake, katika miji yetu ambako watu wamezoea kukimbia wakisikia risasi, unatosha kufungisha maduka ya barabara nzima. Motere inayorudisha moto juu mara mbili haiombi esansi zaidi. Inaomba mutu asimame, atoe kofia ya delko, aanze hesabu upya.

Hesabu hiyo inaanza kwa kidole cha mutu, si cha delko. Kwanza uzi wa bobini unatolewa ama kamba ya batri inafunguliwa, ili motere isije ikawaka yenyewe mikono ikiwa ndani. Bujii ya silindri ya kwanza inafunguliwa, fundi anaziba tundu lake kwa kidole gumba, na mwenzake anazungusha vilbreke polepole kwa kle kwenye boloni ya puli, kufuata upande motere inaozungukia kwa kawaida. Wakati fulani hewa inasukuma kidole kwa nguvu: hiyo ni kompresio. Hapo wanaendelea kidogo tu mpaka alama ya puli ilingane na alama ya sifuri. Sasa pistoni ya kwanza iko juu kabisa, mahali ambapo vitabu vya Kifaransa vinaandika PMH, na iko kwenye hatua iliyo ya kweli. Kama hewa haikusukuma na alama imefika, wazungushe muzunguko mumoja kamili zaidi.

Mahali ambapo kifuniko cha juu cha kilasi bado hakijarudishwa, kuna njia nyingine ambayo wengine wanaiamini zaidi, na wana haki. Supapu zote mbili za silindri ya kwanza zinapaswa kuwa zimefungwa, na kilbiteri zake, kama motere inazo, zinacheza kidogo ukizishika. Katika motere ya silindri 4, pistoni ya kwanza na ya nne zinapanda pamoja. Kwa hiyo wakati huo huo supapu za silindri ya nne zinakuwa katika kubadilishana, moja inafunga huku nyingine ikianza kufunguka. Ukiona ni zile za silindri ya kwanza ndizo zinabadilishana, uko nyuma-mbele.

Nyuma ya hapo ndipo delko inaingia, na kuna aina mbili za kuingia ambazo hazifanani.

Aina ya kwanza ni ile ya motere za zamani ambamo delko inasimama ubavuni mwa bloku ao mbele yake na inazungushwa na gia ya arbakami. Meno ya gia hiyo yamelala mushazari. Delko ikishuka, kidole chake kinageuka chenyewe kwa kufuata meno. Fundi anayeweka kidole kitazame kituo cha kwanza kabla ya kuishusha, akishaishusha atakuta kimekimbia. Dawa ni kuanza na kidole kikiwa kimerudi nyuma kiasi kile kitakachogeuka, ili kikifika chini kitazame kituo cha kwanza sawasawa. Hakuna aibu kuitoa na kuirudisha mara tatu mpaka ikae. Aibu iko kwa yule anayeona imepita jino moja na kusema si kitu, nitaimalizia kwa kugeuza mwili wake. Tufanye hesabu. Tuseme gia ina meno 13. Jino moja ni karibu digrii 28 za delko, na kwa kuwa vilbreke inazunguka mara mbili zaidi, ni karibu digrii 55 za vilbreke. Motere nyingi za aina hii zinaomba avansi ya msingi inayozunguka digrii 10 hivi. Mutu anayeacha jino moja amekosea mara tano zaidi ya kitu anachotafuta kupima.

Katika baadhi ya motere hizo kuna mutego zaidi. Ncha ya chini ya delko inaingia katika mufereji wa pompe ya mafuta na ndiyo inaizungusha. Kama mufereji haukulingana, delko inabaki juu kwa milimita kadhaa, haikai. Hapo wengine wanakamata kle na kukaza boloni ili iteremuke kwa nguvu. Sikio la delko linavunjika, ama gia inaumia. Fundi anayejua anachukua tornavisi ndefu, anageuza mufereji kidogo kule chini, anajaribu tena. Ama anaibonyeza delko taratibu kwa mukono huku mwenzake akizungusha vilbreke mpaka idumbukie yenyewe, kisha wanarudi kwenye kompresio ya silindri ya kwanza na kuthibitisha upya. Taa ya mafuta isipozima haraka kisha motere kuwaka, izimwe mara hiyo hiyo. Pompe isiyozunguka inaua motere ya okazio kwa dakika chache tu, na hakuna muuzaji atakayeirudisha.

Aina ya pili ni ile ya motere kama 4A-FE na 3S-FE za Toyota. Hapa delko imelala kwenye ncha ya kilasi na inashikwa moja kwa moja na arbakami, bila gia ya mushazari. Kwenye koplen yake na kwenye mwili wake kuna alama za kulinganisha kabla ya kuiingiza. Ni rahisi zaidi, na kwa sababu ni rahisi watu wanalala. Delko ya namna hii haiwezi kuruka jino, lakini mukanda wa distribisio unaweza. Kama mukanda umefungwa jino moja pembeni, arbakami iko nje ya zamu, na delko iliyoshikwa na arbakami inarithi kosa hilo. Fundi anawasha gari, inatetemeka, anafungua boloni za delko, anageuza mwili wake mpaka mwisho wa tundu refu, motere inatulia, anakaza, anaomba malipo. Moto umerudi mahali pake, ndiyo. Supapu hazijarudi. Zinaendelea kufunguka na kufunga saa isiyo yake, na gari itakuwa muvivu kwenye kila mulima mpaka mutu afungue mukanda tena.

Hiki ni kitu ambacho mwenye gari anaweza kukitazama mwenyewe, hata kama hajui kushika kle. Boloni za delko zinapita katika tundu refu lililokatwa kama mwezi mwembamba, ili delko igeuzwe kidogo kwa kupanga avansi. Katika motere iliyofungwa vizuri, boloni inasimama karibu na katikati ya tundu hilo. Ukikuta imebanwa kabisa kwenye ncha, kuna jambo lililofichwa chini: jino la gia, jino la mukanda, ao delko isiyo ya motere hiyo. Muulize fundi, kwa heshima, lakini muulize kabla ya kulipa.

Delko isiyo ya motere hiyo si jambo la kubuni. Motere za okazio mara nyingine zinafika bila delko, ama na kofia iliyopasuka njiani, na kunatafutwa nyingine kati ya vyuma vya zamani. Mbili zinaweza kufanana kwa sura na kuingia katika tundu moja huku fishi za umeme ao upande wa kuzunguka vikiwa tofauti.

Tukija kwenye nyuzi, hapa wengi wamezoea na ndiyo sababu wanakosea. Motere nyingi za silindri 4 zinazopita kwetu zinalipuka kwa zamu ya 1-3-4-2. Zile za silindri 6 zilizopangwa mustari mumoja, kama Land Cruiser za zamani za esansi, kwa 1-5-3-6-2-4. Nyuzi zinapangwa kwenye kofia kwa zamu hiyo, kufuata upande kidole kinaozungukia. Na upande huo hausomwi kutoka kwa gari ya jirani: kofia inatolewa, demareri inaguswa kidogo, macho yanatazama. Kuhusu Peugeot na Renault, vijana waliojifunzia kwenye Toyota wanashangaa kila mara. Katika magari hayo silindri ya kwanza inahesabiwa kutoka upande wa volani ya motere, kule ambako bwati ya vitesi imefungwa, si kutoka upande wa puli. Muzee wa 504 analijua hilo. Kijana aliyeitwa kumsaidia pengine hajui.

Kuna njia ya mukato ambayo inatumika sana. Delko ikiwa nyuma-mbele, badala ya kuitoa, fundi anahamisha nyuzi: ya 1 inakwenda kwa 4, ya 3 kwa 2, na kinyume chake. Katika motere ya zamani yenye karbirateri gari inawaka na inatembea. Siwezi kusema ni uongo. Lakini fundi atakayefungua kofia hiyo mwaka ujao, akiwa Kamanyola ama Kanyabayonga bila mutu wa kumuelezea, atapanga nyuzi kama kitabu kinavyosema, na gari itakataa. Kuitoa delko na kuirudisha ni kazi ya nusu saa.

Gari ikishawaka, wengi wanaona kazi imekwisha. Wanapanga avansi kwa masikio: wanageuza mwili wa delko huku wakisikiliza, motere inapanda mbio, wanarudisha kidogo, wanakaza. Muzee aliyefanya hivyo miaka 30 pengine anakaribia ukweli. Lakini motere iliyosimama garajini, bila muzigo, inapenda avansi kubwa kuliko ile itakayovumilia kwenye mulima. Sikio linadanganywa kwa urahisi.

Kwetu jambo hilo lina uzito kuliko sehemu nyingine. Ziwa Kivu liko kwenye metri karibu 1.460, Ziwa Tanganyika kwenye metri karibu 770. Gari iliyopangwa Bukavu kwa masikio inakandamiza hewa nyepesi na inavumilia avansi kubwa. Teremuka nayo Ngomo mpaka Kamanyola na Uvira, hewa ni nzito, joto ni kali, na ukirudi na muzigo kwenye muteremuko ule ule, motere inaanza kulia kama misumari katika kopo. Mulio huo ni mulipuko unaokuja mbele ya saa yake na kupiga pistoni wakati bado inapanda. Ukiongeza esansi ya kadafi iliyonunuliwa katika bidoni pembeni ya barabara, ambayo nguvu yake haijulikani kwa mutu, pistoni inaweza kutoboka. Kwa upande mwingine, avansi ikiwa ndogo mno, moto unachelewa, gari inakosa nguvu, inakunywa esansi, bomba la moshi linakuwa jekundu, na joto lote linarudi kwenye kilasi. Kilasi ngapi zimepelekwa kusawazishwa kwa sababu ya radiatere iliyosingiziwa?

Njia ya kupima ipo na si ya watu wa Ulaya peke yao. Katika delko za visi platine, upana wa visi unapangwa kwanza, kati ya 0,4 na 0,5 mm kufuata gari, kwa sababu ukiubadilisha nyuma yake avansi nayo inabadilika. Kisha balbu ndogo ya taa yenye nyuzi mbili inatosha: uzi mumoja kwenye kituo cha bobini kinachoelekea delko, mwingine kwenye chuma cha gari. Puli inawekwa kwenye alama ya avansi ambayo kitabu kinaomba, kontake inafunguliwa bila kuwasha motere, mwili wa delko unageuzwa kufuata kidole mpaka balbu izime, kisha unarudishwa polepole kinyume cha kidole. Pale balbu inapowaka tu, hapo ndipo visi zimefunguka na bujii imetoa moto. Kaza hapo. Kanuni ya kukumbuka ni hiyo moja: kugeuza mwili kinyume cha kidole kunaongeza avansi, kuugeuza kufuata kidole kunaipunguza.

Kwa delko za elektroniki inahitajika taa ya stroboskopi, ile inayoshikwa kwenye uzi wa bujii ya kwanza na kumulika puli. Garaji kubwa inapaswa kuwa nayo. Garaji ndogo tatu za barabara moja zinaweza kununua moja pamoja. Katika 4A-FE na 3S-FE kuna jambo ambalo likisahauliwa kipimo chote ni bure: kompyuta inaongeza avansi yake yenyewe. Motere ikiwa imeshapata moto na inazunguka polepole, kwenye kisanduku cha diagnostiki chini ya kapo, tundu TE1 na tundu E1 zinaunganishwa kwa kipande cha waya. Hapo kompyuta inaacha avansi kwenye msingi wake, na alama inapaswa kusoma digrii 10 kabla ya juu kabisa. Waya ukitolewa, alama itapanda zaidi ya 10, na hiyo ni kawaida. Asome maandishi ya matundu vizuri kwenye kifuniko cha kisanduku kabla ya kuingiza waya, kwa sababu matundu mengine yana umeme wa batri.

Kuna delko nyingine ambazo zimefungwa vizuri, zimepimwa vizuri, na bado gari ni muvivu. Ndani ya delko za zamani kuna vizito viwili vidogo vinavyofunguka kwa mbio na kuongeza avansi, na ubavuni kuna sahani yenye mupira inayovutwa na hewa ya motere. Vizito vikishikwa na kutu, avansi haisogei. Geuza kidole kwa mukono kufuata upande wake na ukiachie: kinapaswa kurudi chenyewe kama kinavutwa na springi. Kwa sahani, toa bomba dogo la hewa, livute kwa mudomo, utazame kama sahani ndani inasogea. Ikiwa hewa inapita tu, mupira umetoboka. Na wakati wa kupima avansi ya msingi katika delko za namna hii, bomba hilo kwa kawaida linatolewa na kuzibwa.

Vijana wengi wanaojifunza leo magarajini wanaanza moja kwa moja kwenye Probox na skena. Hawana kosa, ndiyo magari yanayoleta feza. INPP, ambayo tangu mwaka 1964 inafundisha kazi za mikono katika inchi yetu, na shule za ufundi zenye sehemu ya mekaniki ya magari, zinaweza bado kuwaonyesha hatua 4 kwenye motere iliyofunguliwa, na mutu aliyezielewa hapo hatapotea mbele ya delko yoyote. Aliyejifunza kwa kutazama alama ya puli tu, atabahatisha siku zote.

Kazi ikimalizika, boloni zimekazwa na kipimo kimerudiwa mara ya mwisho, mafundi wenye utaratibu wanachora mustari mwembamba kwa msumari ama kwa rangi, nusu kwenye mwili wa delko, nusu kwenye kilasi, na kuandika namba za silindri kwenye kofia pembeni ya kila uzi. Siku delko itakapotolewa kwa sababu ya jointi inayovuja mafuta, na vilbreke ikiachwa bila kuguswa, itarudi kwenye mustari ule ule na kidole kikitazama pale kilipokuwa.